Kabla hujaanika karafuu, tazama kichwa cha wingu

Mwaka wa kwanza kuachiwa karafuu za nyumbani, huku Pemba, nililowesha majamvi matatu. Asubuhi mbingu ilikuwa buluu, mawingu ya pamba mojamoja, nikasema leo jua tupu. Nikaenda zangu Wete. Niliporudi karafuu zinaelea uani, na shangazi hakunisemesha mpaka magharibi.

Kosa langu lilikuwa kuangalia rangi. Weusi wa wingu mara nyingi ni kivuli tu. Siku hizi natazama umbo, tena natazama linaelekea kuwa nini.

Yale ya pamba ni kumulasi: chini yamenyooka kama yamekatwa kwa kisu, juu yana mafundo. Chagua moja lililo nyuma ya mnazi, ulitazame dakika kumi. Likibaki bapa, anika. Ikiwa saa nne tu limeshaanza kupanda kama koliflawa, refu kuliko upana wake, usiende mbali. Mafundo ya kichwani yakipotea, kichwa kikawa laini na kutanuka pembeni mfano wa fuawe, hilo ni kumulonimbasi. Kwetu ukanda wa joto huweza kupita kilomita 15 kwenda juu. Kunja majamvi, na usijikinge chini ya mkarafuu, maana lina radi.

Mawingu ya vipande vilivyopangana kama magamba hunichanganya, basi natumia mkono. Unyooshe kuelekea vipande vilivyo juu, si vya upeoni. Kipande kikizibwa na ukucha wa kidole cha mwisho ni sirokumulasi, la juu kabisa. Kikitosha dole gumba ni altokumulasi. Kikijaa ngumi ni stratokumulasi, liko chini.

Sirasi, zile nyuzi nyeupe za barafu, hazikuloweshi. Utando mwembamba unaolizungushia jua duara ni sirostratasi. Vitabu husema duara hilo ni dalili ya mvua, lakini utaratibu wa majina haya aliuanzisha Mwingereza, Luke Howard, mwaka 1802, na huko kwao hewa ya joto huipanda ya baridi ikaleta mvua nyuma ya utando. Kwetu haiko hivyo, mimi huanika.

Ninayoichukia ni stratasi, blanketi la kijivu. Manyunyu yake si kitu, ila karafuu hazikauki, zinaota ukungu.

Sasa hivi ni saa tano, na lile la upande wa Chake limeshaupita mnazi. Nimewaita watoto.