Fomu iliyomkataa Ng'ang'a

Mdogo wangu aliyeanzisha uzi huu anasema ametengeneza tovuti hapa Nairobi kwa miezi minane. Alidhani atakuwa anachora na kupanga kurasa, kumbe siku zinaishia kwenye kero: nembo inayoletwa ikiwa picha ya tisheti iliyopigwa na simu, mteja anayesema "weka tu kwanza, nitakuambia," stima inayopotea ukiwa katikati ya kupakia faili. Anauliza kama sisi wa siku nyingi tumezoea tu, au tuna raha fulani ambayo yeye bado hajaionja.

Nina miaka 12 katika kazi hii. Hizo kero ulizotaja zina dawa. Chukua nusu ya malipo kabla hujagusa kitu. Makubaliano yaandikwe, hata kama ni kwa WhatsApp. Jina la tovuti liandikishwe kwa jina la mteja, lisiandikishwe kwa lako, ili siku mkiachana asikufuate. Kwa stima, hifadhi kazi kila baada ya dakika chache na uwe na bando kwenye simu. Sitakaa hapo.

Linaloniuma mpaka leo ni jingine: fomu inayomfukuza mtu aliyekuja na pesa mkononi.

Desemba 2022 nilipewa kazi ya duka moja la sare za shule, upande wa Biashara Street. Kulikuwa na presha kwa sababu Januari 2023 ndipo watoto wa kwanza wa mtaala mpya walikuwa wanaingia Gredi ya 7, na mwenye duka alitaka wazazi waagize bila kupanga foleni. Nikanunua kiolezo cha nje, yaani tovuti iliyotengenezwa tayari ya kujazia tu, kizuri sana kwa macho. Nikabadilisha rangi, nikaweka picha za sweta na kaptula, nikaunganisha malipo ya M-Pesa. Nikajaribu kwa namba yangu, ikakubali. Nikakabidhi.

Katikati ya Januari mwenye duka akanipigia. "Kijana, hii kitu yako inafanya kazi kweli? Watu wananipigia tangu saa mbili, wanasema imewakataa."

Kwenye kompyuta yangu kila kitu kilikuwa sawa. Ningeweza kumjibu hivyo na nikalala. Nikapanda matatu nikaenda dukani, nikakaa nyuma ya kaunta, na kila mzazi aliyepiga nikamwomba anisomee anachokiona kwenye simu yake, neno kwa neno. Sijawahi kujifunza mengi hivyo kwa siku moja.

Wa kwanza alikuwa mama wa Kayole. Namba yake ilianza na 01. Fomu ikamwambia namba si sahihi. Namba za 01 zilianza kutolewa mwaka 2019, lakini kanuni ya kukagua namba nilikuwa nimeitoa kwenye kazi yangu ya zamani, iliyojua 07 peke yake. Kwa hiyo kila aliyepewa namba ya 01, nilimfungia mlango. Nikaona na lingine: mitambo ya malipo inataka namba ianze na 254, bila alama ya kujumlisha, nami nilikuwa nimemwachia mzazi mzigo wa kuibadilisha. Watu huandika namba wanavyozijua. Kuna anayeanza na sifuri, kuna anayeanza na +254, kuna anayeacha nafasi katikati ili aweze kuisoma. Kuondoa nafasi, kutoa sifuri na kuweka 254 ni kazi ya mistari mitatu ya programu. Kumpa binadamu kazi hiyo ni kumkosea adabu.

Wa pili ndiye nisiyemsahau. Aliniambia kwa upole, "Inasema jina langu si sahihi." Nikamuuliza jina. Ng'ang'a.

Kiolezo kiliruhusu herufi na nafasi tu. Ritifaa, ile alama ya ' iliyo ndani ya Ng'ang'a, ilikuwa imepigwa marufuku. Najua sababu: alama hiyo hutumika kufungia maneno ndani ya amri za hifadhidata, yaani ghala la taarifa za tovuti, na wezi wa mitandaoni huitumia kuingiza amri zao kupitia fomu. Mtengenezaji mvivu akiogopa, anaikataza kabisa. Lakini dawa ya tatizo hilo inajulikana: unatenganisha amri na maneno ya mteja, kisha mtu anaandika apendavyo bila hatari hiyo. Lugha yetu yenyewe haiwezi kuandika ng'ombe bila ritifaa. Nyong'o, Ng'eno, Ong'eri, hawa wote wangeambiwa na tovuti yangu kwamba hawajui majina yao. Niliona aibu, na nilistahili kuiona.

Nikaiondoa kanuni ile hapo hapo. Baba Ng'ang'a akaagiza, akalipa, nikashukuru.

Saa moja baadaye fundi wa kudarizi akatoka chumba cha nyuma na karatasi mkononi. Lile duka hudarizi jina la mtoto ndani ya ukosi wa sweta, na fundi hufuata karatasi inayotoka kwenye printa herufi kwa herufi. Akaiweka kaunta mbele yangu. Ilikuwa imeandikwa Ng&#039;ang&#039;a.

"Hii nidarizi vipi?"

Yule fundi hakuwa anatania. Alikuwa ameshika uzi wa njano tayari na alitaka jibu. Kilichotokea ni kwamba programu iligeuza ritifaa kuwa msimbo wa usalama wakati wa kupokea jina, kisha sehemu nyingine ikaugeuza tena wakati wa kuchapa. Kinga imevaliwa mara mbili, na jina la mtoto limezikwa ndani yake. Inatakiwa uhifadhi jina kama lilivyoandikwa, ulikinge mara moja tu, pale unapolionyesha. Nilimwandikia kwa kalamu jina sahihi, kisha nikafungua laptopu pale pale juu ya rundo la soksi, nikarekebisha.

Zilikuwapo nyingine ndogo zaidi. Fomu ililazimisha mtu ajaze jimbo na msimbo wa posta. Wengi waliandika 00100 kwa sababu ndiyo wanayoiona kwenye barua, hata kama wanakaa Pipeline na hawajawahi kuwa na sanduku la posta. Nikafuta visanduku vyote vinne vya anwani, nikaweka kimoja kikubwa: "Tukuletee wapi? Taja mtaa, steji na alama iliyo karibu." Majibu yalikuja yenye uhai: geti jeusi mkabala na kanisa, ghorofa yenye duka la dawa chini, ukifika uliza Mama Otis. Mtu wa boda hakupotea tena.

Na kitufe cha kulipa. Mtu akikibonyeza, inachukua sekunde kadhaa kabla simu yake haijaomba PIN. Kwenye ukurasa kulikuwa na kiduara tu kinachozunguka na neno la Kiingereza. Mzazi akiona kimya, anabonyeza tena, na wawili walishalipa mara mbili. Nikafanya kitufe kilale baada ya kubonyezwa mara moja, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: "Angalia simu yako. Weka PIN ya M-Pesa. Usifunge ukurasa huu." Waliolipa mara mbili tuliwarudishia pesa jioni ile ile.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukiniuliza kama ni kuzoea tu, hapana. Mimi sijazoea. Nikiona fomu inayomkataa mtu kwa jina alilopewa na bibi yake bado damu inachemka, na sitaki ipoe. Ila nenda ukakae pale tovuti yako inapotumika. Hutasifiwa kwa hilo. Mteja atasifu rangi.

Raha uliyouliza naweza kukuonyesha moja. Ijumaa ya mwisho ya Januari ile nilipita dukani kuchukua salio langu. Dada wa kaunta akanitazama kwa wasiwasi. "Leo hakuna aliyepiga tangu asubuhi. Kwani imezima?" Nikafungua orodha kwenye simu yangu, nikampa. Oda 63, zote zimelipwa. Akawa anateremsha kidole, anazisoma kimya kimya, mpaka akafika kwa Ng'ang'a mwingine kabisa, wa Umoja, sweta mbili za saizi tofauti, ritifaa zote mbili mahali pake. Akaichapa, akaipeleka nyuma. Nilisimama pale nikasubiri kidogo. Fundi hakutoka kuuliza kitu. Cherehani ikaanza kulia.