Kampuni inataka nishushe bei ya tafsiri: nikubali?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Morogoro, natafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Kuna kampuni ya nje nimefanya nayo kazi miaka mitatu kwa dola 0.08 kwa neno. Juzi meneja wa miradi kaniandikia kwamba kuanzia mwezi ujao watalipa 0.06, tena wataanza kutumia jedwali la punguzo kwa sentensi zinazofanana na zile nilizokwisha kutafsiri. Anasema kazi zitaongezeka. Anataka jibu kesho. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwanza elewa kwamba umeombwa mapunguzo mawili, siyo moja. La 0.06 umeliona mara moja kwa sababu limeandikwa kwa tarakimu. Lile la jedwali limepita kimyakimya, na huenda ndilo litakalokuumiza zaidi.

Hujanitumia jedwali lenyewe, basi tuchukue la mfano. Umeletewa faili la maneno 10,000. Programu ya kusaidia kutafsiri, iwe Trados au memoQ, inalichambua na kusema: maneno 5,000 ni mapya, 3,000 yako kwenye sentensi zinazokaribiana na za zamani, na 2,000 ni marudio matupu. Mapya unalipwa bei kamili, yanayokaribiana asilimia 60, marudio asilimia 25. Ukijumlisha, yale maneno 10,000 yamekuwa 7,300 ya kulipwa. Zidisha kwa 0.06 unapata dola 438. Faili hilohilo mwezi huu lingekupa dola 800. Barua inasema wamepunguza senti mbili. Mfukoni imepungua karibu nusu.

Mimi sipingi punguzo la marudio. Sentensi iliyojirudia herufi kwa herufi, kumbukumbu ya tafsiri, yaani hazina ya sentensi ulizokwisha kutafsiri, inaijaza yenyewe, wewe unaikagua na kusonga mbele. Ugomvi wangu uko kwenye "zinazokaribiana". Chukua sentensi hii: "Cheti chako kipya kiko tayari." Sasa mteja amebadilisha cheti kuwa kadi. Kwa Kiingereza limebadilika neno moja, yaliyobaki yamekaa palepale, na programu inahesabu upande wa Kiingereza. Kwetu inakuwa "Kadi yako mpya iko tayari." Katika maneno matano limesalia "tayari" peke yake. Umeandika sentensi upya kwa bei ya kurekebisha. Jedwali lile lilitungwa bila kufikiria ngeli, na mameneja wengi hawajawahi kuelezwa. Mweleze, kwa mfano huohuo. Nimewaona wakilegeza.

Halafu hiyo ahadi ya kazi kuongezeka. Tuseme kasi yako ni maneno 250 kwa saa, pamoja na kupitia. Kwa saa nane ni maneno 2,000, yaani dola 160 kwa bei ya sasa. Ili 0.06 ikupe dola 160 hizohizo lazima ufikishe maneno 2,667, na hapo hata jedwali sijaligusa. Ni saa mbili na dakika arobaini zaidi kila siku. Kazi zikiongezeka kweli, utazifanya usiku. Zisipoongezeka, nani utamdai? Ahadi ya wingi isiyo na idadi kwenye mkataba mimi huichukulia kama salamu tu.

Ndiyo maana nakusihi upime kwa saa, siyo kwa neno. Chukua kazi zako tano za mwisho, andika saa ulizotumia kweli, ukihesabu barua pepe, maswali kwa mteja na kuandaa ankara. Mali bila daftari huisha bila habari. Ukishajua saa yako inaingiza kiasi gani, na kodi, umeme, bando na ada za kupokea fedha zinakula kiasi gani, utaiona bei ambayo chini yake ni bora ulale.

Je, kuna wakati wa kukubali? Upo. Kama wanalipa baada ya siku 60 na watashuka hadi 15, hilo lina thamani. Kama maandishi ni ya fani unayoijua hata ukiamshwa usingizini, sawa. Na kama kampuni hii ndiyo inayokupa zaidi ya nusu ya kipato chako, usiwatupe kabla hujapata wateja wengine wawili; ada ya shule haisubiri msimamo. Ila punguzo liwe la mradi fulani, lenye tarehe ya mwisho. Kwenye ankara andika 0.08 kama kawaida, kisha mstari wa chini yake uandike "punguzo kwa mradi huu". Hilo nilijifunza kwa machungu. Niliwahi kukubali bei ya chini "kwa mara hii tu", mwongozo wa pampu za maji. Meneja tuliyekubaliana naye akaondoka, aliyemrithi akaikuta ile bei kwenye mfumo, na kwake ndiyo ikawa bei yangu. Sikuirudisha tena.

Jibu la kesho liwe fupi, la adabu, bila kulalamikia maisha kupanda. Kitu kama hiki:

"Asante kwa taarifa. Bei yangu inabaki 0.08 kwa maneno mapya, na kwa sentensi zote zinazofanana chini ya asilimia 95, kwa sababu ya upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili (mfano nimeambatanisha). Kwa marudio kamili napokea asilimia 30. Kukiwa na mradi wenye bajeti ndogo, nitumie faili nilione kwanza ndipo tupange."

Bei ya katikati, 0.07, ibaki moyoni. Wakirudi mara ya pili ndipo uitaje, na uitaje pamoja na malipo ndani ya siku 15.