Moltke wa 1870 na wa 1914 si mtu mmoja

Je, Moltke, jenerali wa Ujerumani anayetajwa katika vita vya 1870 na vya 1914, ni mtu mmoja? Hapana, ni wawili, na wala si baba na mwana. Aliyeipiga Ufaransa pale Sedan mwaka 1870 alifariki 1891, kwa hiyo hangeweza kuongoza majeshi 1914. Huyo wa pili, aliyeondolewa baada ya kushindwa kwenye mapigano ya Marne huko Ufaransa, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, ni mtoto wa Adolf, mdogo wa yule wa kwanza. Yaani yule wa kwanza alikuwa baba yake mkubwa. Wote waliitwa Helmuth von Moltke na wote walikuwa wakuu wa makao makuu ya jeshi, ndiyo maana watu huwachanganya. Binafsi naona jina lilimbeba huyu wa pili kuliko uwezo wake.

Ila ukisikia Helmuth wa tatu, Helmuth James, huyo hakuwa jenerali bali mwanasheria. Mama yake alitoka Afrika Kusini, binti wa jaji mkuu James Rose Innes. Helmuth James aliwakusanya wapinzani wa Hitler kwenye shamba la ukoo huko Kreisau, ambako sasa ni Poland, akanyongwa Berlin Januari 1945. Shamba lenyewe lilinunuliwa na yule mzee wa 1870.