Maswali ya Karakana: Vipimo Vinavyohama na Kazi Zinazochelewa

Swali: Nilikereza shafti ya chuma ya kipenyo cha milimita 80 na maikromita (kifaa cha kupimia unene kwa usahihi mkubwa) ikaonyesha kipimo sahihi. Kesho yake asubuhi beringi ilipwaya. Je, maikromita yangu imeharibika?

Jibu: Kabla ya kuilaumu maikromita, jiulize shafti ilikuwa ya moto kiasi gani ulipoipima. Chuma hutanuka takriban mikroni 12 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Shafti yako ikipimwa ikiwa na nyuzi 60 na baadaye ikapoa hadi nyuzi 30, kipenyo chake hupungua kwa karibu mikroni 29, ilhali tofauti ya kipenyo inayoruhusiwa kwa shafti ya beringi ya kawaida ya ukubwa huo, kwa daraja la k6 (mojawapo ya madaraja ya kimataifa ya usahihi wa shafti), ni mikroni 19 tu. Joto peke yake limekwisha kukutoa nje ya mipaka, hata kama mkono wako haukukosea.

Vipimo vya kimataifa vimewekewa joto la rejeo, yaani joto ambalo kipimo huhesabiwa kuwa halisi, la nyuzi 20 tangu 1931, lakini hilo halimaanishi kwamba karakana ya Dar es Salaam isiyo na kiyoyozi haiwezi kufanya kazi safi. Shafti ya chuma na maikromita ya chuma zikilazwa pamoja mezani mpaka zilingane joto, hutanuka kwa kiasi kilekile na kosa hujifuta karibu lote. Alumini haina msamaha huo, kwa sababu hutanuka karibu mara mbili ya chuma: kwa kipenyo hichohicho, kwenye nyuzi 30, kipimo cha maikromita ya chuma kitazidi kwa mikroni zipatazo 9, nazo ni lazima uzitoe katika hesabu.

Swali: Msimamizi wetu anataka turekebishe mashine kila kipande kinapotofautiana na kipimo cha katikati. Ni sawa?

Jibu: Si sawa, na naomba mumweleze kwa heshima. Mwaka 1924 mhandisi Walter Shewhart, akiwa Western Electric, kampuni ya vifaa vya simu huko Marekani, alibuni chati inayotenganisha mtawanyiko wa kawaida wa mashine na badiliko lenye chanzo mahususi. Ukifukuzia mtawanyiko wa kawaida kwa kusogeza kisu kila mara kwa kiasi chote cha tofauti, vipande hutawanyika karibu mara 1.4 zaidi ya ambavyo vingetawanyika mngeiacha mashine itulie. Vipande vinapopanda mfululizo upande mmoja, hapo kisu kinalika; rekebisheni bila kusita.

Swali: Wateja wanalalamika kucheleweshwa. Tuongeze kasi ya kukata?

Jibu: Kwa visu vingi vya kabaidi (nyenzo ngumu sana ya kukatia chuma), kuongeza kasi kwa asilimia 20 hupunguza maisha ya kisu kwa takriban nusu, na kisu kilicholika ndicho kinachoharibu vipimo tulivyovizungumzia hapo juu. Hesabuni kwanza kazi zilizolala sakafuni, yaani zilizoanzwa lakini hazijakamilika. Karakana yenye kazi 30 zilizoanzwa, ambayo kwa wastani hukamilisha 5 kwa siku, humchukulia mteja siku 6 kwa wastani. Kanuni hiyo, ya kugawa kazi zilizoanzwa kwa idadi inayokamilishwa kwa siku, ilithibitishwa na mtaalamu wa Marekani John Little mwaka 1961. Kazi zinazoingia zisubiri kwenye daftari mpaka zilizo sakafuni zibaki 15, na maadamu mnaendelea kukamilisha 5 kwa siku, kazi itakayoanzwa itatoka kwa wastani wa siku 3. Tarehe ya ahadi muipange kwa kujumlisha siku za kusubiri daftarini, na mteja aambiwe hivyo siku ileile anapoleta kazi.