Kabla ya Kushika Mashine ya Leza, Jifunze Kuisoma Ngozi

Vijana wanaotaka kuingia katika kazi ya leza za urembo huniuliza mara nyingi wajifunze mashine ipi. Huwa ninawajibu kwamba mashine zitabadilika mara kadhaa katika maisha yao ya kazi, na kila itakapokuja mpya, muuzaji ataleta mtu wa kuwaonyesha vitufe kwa siku moja au mbili. Ngozi ndiyo haitabadilika, na huyo mtu wa vitufe hatawafundisha kuisoma. Mimi nilijifunza mashine kwanza na ngozi baadaye, na aliyelipa gharama ya mpangilio huo alikuwa mteja wangu. Ndiyo maana ninaandika haya.

Niseme kwanza jinsi leza inavyofanya kazi, kwa sababu mtu asiyelielewa jambo hili atabaki kuwa mfuasi wa chati ya vipimo vya mashine. Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960 na mwanafizikia Theodore Maiman kwa kutumia fuwele ya rubi, na muda mfupi baadaye madaktari walianza kuijaribu kwenye ngozi. Kanuni tunayoitegemea sisi ilielezwa mwaka 1983 na watafiti wa ngozi Rox Anderson pamoja na John Parrish. Walieleza kwamba mwanga wenye urefu fulani wa wimbi hufyonzwa na kitu fulani ndani ya ngozi kuliko vitu vinavyokizunguka, na kwamba mwanga huo ukitolewa kwa muda mfupi kuliko ule ambao kitu hicho huuhitaji ili kipoe, joto hubaki humo humo bila kusambaa na kuunguza majirani zake. Kitu chenyewe huwa ni melanini, yaani rangi ya asili ya unywele, au hemoglobini, ile inayoifanya damu iwe nyekundu, iliyomo katika mishipa midogo ya damu, au maji ya ngozi yenyewe.

Ukiishika kanuni hiyo, majina ya mashine hayatakutisha tena. Aleksandraiti hutoa mwanga wa nanomita 755 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), dayodi za kuondolea nywele mara nyingi huwa karibu na 810, na Nd:YAG hutoa 1064. Zote tatu huitafuta melanini, ila mwanga hufyonzwa nayo kwa kiasi kinachopungua kadiri wimbi linavyorefuka, na ndani ya masafa haya wimbi refu hupenya chini zaidi. Leza ya rangi yenye nanomita 595 hutafuta damu. Leza ya kaboni dioksidi yenye nanomita 10,600 hutafuta maji, ndiyo maana hutumika kuchonga makovu na mikunjo, na si kazi ya mtu aliyetoka darasani jana. IPL si leza kabisa, bali ni taa kali yenye mawimbi mengi yaliyochujwa, ingawa wateja wengi, na hata baadhi ya wenye saluni, huiita leza.

Tatizo la kazi hii ni kwamba melanini haikai kwenye unywele peke yake. Imo pia katika ngozi ya juu, na mwanga hauna njia nyingine ya kuufikia mzizi isipokuwa kupita hapo. Kwa mtu mwenye ngozi nyeupe na nywele nyeusi kazi ni nyepesi, kwa kuwa mwanga hupita bila kizuizi kikubwa na kulikuta lengo lake chini. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, ngozi ya juu hugombania mwanga ule ule na mzizi. Mtu huyu anatibika, na kwa usalama, lakini anahitaji wimbi refu, kwa kawaida lile la 1064, pamoja na ubaridi wa kutosha na pigo la mwanga lililorefushwa. Pigo hurefushwa kwa sababu ngozi ya juu ni nyembamba na hupoa upesi, ilhali mzizi wa unywele ni mnene na hupoa polepole. Pigo la makumi ya milisekunde huipa ngozi nafasi ya kutoa joto wakati mzizi ukiendelea kulikusanya.

Hayo niliyajua kwa kukariri nilipohitimu. Chuo nilichosomea kilinipa wiki chache za mafunzo, na watu wote tuliofanyia mazoezi walikuwa na ngozi nyeupe. Kuhusu ngozi nyeusi nilioneshwa picha na ukurasa mmoja wa vipimo. Tulifundishwa pia skeli ya Fitzpatrick, inayogawa ngozi katika aina sita, kana kwamba ni kadi ya rangi za ukutani, unaiweka karibu na mkono wa mteja na kuchagua namba. Hakuna aliyetuambia kwamba daktari wa ngozi Thomas Fitzpatrick aliipendekeza mwaka 1975 ili kupima jinsi ngozi inavyoitikia jua, wala kwamba mwanzoni ilihusu ngozi nyeupe tu, na kwamba aina ya 5 na ya 6 ziliongezwa baadaye. Kwa hiyo swali lake halisi ni hili: ukikaa juani, ngozi yako huungua au huzidi kuwa nyeusi? Jibu hulipati kwa kutazama, hulipati ila kwa kuuliza.

Katika ajira yangu ya kwanza nilipewa mama mmoja mwenye ngozi ya kahawia aliyetaka kuondolewa nywele za miundi. Ratiba ilikuwa imejaa, naye alikuwa na haraka, na msimamizi aliniambia niruke jaribio la eneo dogo kwa kuwa mashine ilikuwa na mpangilio tayari wa aina yake ya ngozi. Sikumuuliza kama alikuwa ameshinda juani siku za karibuni. Alikuwa ameshinda, wiki nzima. Nilipiga mapigo kama kumi hivi kwenye muundi wa kushoto kabla ya kugundua kwamba harufu imebadilika. Harufu ya unywele uliochomeka huizoea haraka, ni kali na hukaa puani, lakini ile ilikuwa nzito zaidi. Nilipoinua kichwa cha mashine niliona ngozi imepauka, ina kijivu chepesi, na ukijivu ule ulikuwa na pembe nne zilizonyooka, umbo lile lile la kioo cha mashine. Niliacha, nikaweka ubaridi, nikamweleza kilichotokea, tukampeleka kwa daktari wa ngozi siku hiyo hiyo. Baada ya siku chache palibaki safu ya mabaka meusi ya mraba, kama vigae. Yalichukua miezi kufifia. Alikuwa akija kila baada ya majuma mawili kunionyesha, hakuwahi kupaza sauti, na kila alipokunja suruali yake nilitamani angepaza.

Tangu siku hiyo sijamtibu mtu bila jaribio. Unachagua sehemu ndogo, unapiga kwa nguvu ndogo, unasubiri. Kwa ngozi nyeusi ninapendelea kusubiri siku kadhaa, kwa sababu madhara yake huchelewa kujitokeza. Dalili njema ni uvimbe mdogo mdogo unaozunguka kila shina la unywele ndani ya dakika chache, kama ngozi iliyosisimka kwa baridi, pamoja na wekundu kidogo, ambao kwenye ngozi nyeusi hauonekani vizuri, hivyo hutafutwa kwa kidole zaidi kuliko kwa jicho. Ngozi ikipauka au ikiwa kijivu, weka mashine chini, hata kama chati inasema uko salama.

Basi unapotafuta chuo, usianze kwa kutazama ukumbi wake. Uliza utawatibu watu wangapi kwa mikono yako mwenyewe kabla ya kupewa cheti, na uliza watu hao wana ngozi za aina gani. Uliza ni wanafunzi wangapi watakaotumia mashine moja, na nani atasimama begani kwako unapopiga pigo la kwanza. Mwombe mkufunzi akuonyeshe picha za madhara aliyowahi kukutana nayo na jinsi alivyoyashughulikia. Anayesema hajawahi kuyaona ama hajatibu watu wengi, ama hawafuatilii. Nadharia unaweza kuisoma nyumbani kwa intaneti bila hasara yoyote, lakini shinikizo la mkono juu ya ngozi halisomwi kwenye skrini.

Kuna mambo madogo ambayo mkufunzi mzuri atakupa na kitabu hakikupi. Eneo la kutibu tunalichora mistari ili tusirudie wala kuruka, na kalamu ya kuchorea lazima iwe nyeupe, kwa sababu wino mweusi hufyonza mwanga na kuchoma ngozi iliyo chini yake. Mteja anatakiwa awe amenyoa, kwa kuwa unywele ulioachwa juu ya ngozi hushika moto hapo hapo, lakini asiwe ameng'oa kwa nta wala kwa uzi majuma kadhaa kabla, maana ukiung'oa mzizi umeondoa lengo lenyewe.

Kuhusu macho sina upole hata kidogo. Mashine hizi nyingi ziko katika daraja la 4, lililo la hatari kuliko yote, na mwanga wa 1064 hauonekani, hivyo unaweza kuiharibu retina bila mtu kufumba jicho. Miwani ya kinga huandikwa mawimbi inayoyazuia na kiwango cha kuzuia. Ile iliyotengenezwa kwa 1064 pekee haiwezi kuaminiwa kwa 755, hata kama zote mbili zinafanana ndani ya droo. Isome maandishi yake kila siku kabla ya kuivaa. Mteja naye avae, kila aliyemo chumbani avae, mlango ufungwe na vioo vifunikwe. Ukiombwa kuondoa nywele za chini ya nyusi, karibu na jicho, kataa. Moshi nao una madhara, kwa hiyo washa mashine ya kuunyonya na vaa barakoa.

Sehemu ya kazi niliyoipenda kuliko nilivyotarajia ni mazungumzo ya mwanzo. Hapo ndipo unapouliza kuhusu dawa, hasa isotretinoini ya chunusi na antibiotiki zinazofanya ngozi iogope jua kama doksisaiklini; kuhusu ujauzito, makovu yanayovimba, malengelenge ya mdomo, krimu za kujichubua, na tatuu, ambazo hazipigwi kabisa wakati wa kuondoa nywele. Alama nyeusi usiyoielewa usiiguse, mpeleke mwenyewe kwa daktari. Wapo pia wanawake wanaokuja na ndevu za kidevuni, ambao wengi wao wamezificha kwa miaka. Muulize kwa faragha na kwa heshima kama hedhi yake huja kwa mpangilio, kwa sababu huenda chanzo ni homoni, na leza peke yake itapunguza nywele huku chanzo kikiendelea kuotesha nyingine. Nimemwona mmoja akilia kwa sababu tu aliulizwa bila kushangaliwa.

Mwambie mteja ukweli kabla hajalipa. Leza hupunguza nywele kwa muda mrefu. Haiahidi kuzimaliza zote. Nywele haziko katika hatua moja ya ukuaji kwa wakati mmoja, na zile zilizo katika hatua ya kukua ndizo zinazoitikia, hivyo atahitaji kurudi mara sita, nane au zaidi, kwa kupishanisha majuma kadhaa. Mvi hazina melanini ya kutosha, hivyo leza haizisaidii. Na vinyweleo laini vya mashavuni vinaweza hata kuchochewa vikaota kwa wingi zaidi.

Sheria hutofautiana sana. Nchini Marekani pekee kila jimbo lina utaratibu wake: kuna mahali kazi hii ni ya daktari au muuguzi tu, na kuna mahali fundi mwenye cheti anaruhusiwa chini ya usimamizi. Kabla ya kulipa ada, nenda kwa mamlaka inayohusika pale utakapofanyia kazi, uulize kama cheti cha chuo hicho kinatambuliwa. Cheti cha kuhudhuria na leseni ni vitu viwili, na nimewaona watu waliotumia akiba yao yote kabla ya kuujua utofauti huo. Uliza pia nani atakukatia bima.

Ukishaajiriwa, andika kila kitu: wimbi, nguvu, urefu wa pigo, ukubwa wa kioo, ulichokiona kwenye ngozi baada ya dakika tano, na majibu ya mteja kuhusu jua, kila anapokuja, hata kama ni mara ya saba. Tegemea kusimama siku nzima, na bega la mkono unaotumia litauma mpaka ujifunze kupandisha kitanda badala ya kuinama.

Katika usaili wa kazi, baada ya mshahara na saa, kuna swali moja la kuuliza: nikimwona mteja hafai kutibiwa leo, nina mamlaka ya kumrudisha nyumbani? Katika sehemu yangu ya pili ya kazi niliuliza hivyo, na mwenye kliniki alinijibu kwamba ninayo, na kwamba hasara ya siku hiyo ni yake. Nilisaini mkataba pale pale.