Brugge: kabla ya kumpandisha mzee mnarani, jua lifti inaanzia wapi

Mkuu, kama tiketi hujailipia, ishia hapo hapo. Umeandika unakuja Ubelgiji mwezi wa saba na mzee wako wa miaka 68 mwenye goti linalomsumbua, mna siku moja tu Brugge, unataka umfikishe juu ya Belfort, ule mnara wa kengele wa mji, auone mji wote, na "nimeambiwa kuna lifti". Umeuliza pia saa nzuri ya picha, mahali pa kula, na kama mlale Brugge au Brussels. Hayo nawaachia wengine. Mimi nina la kusema kuhusu hiyo lifti tu.

Belfort ya Brugge haina lifti. Kuna ngazi 366, basi. Mnara una mita 83, ulianza kujengwa karibu mwaka 1240, na ile sehemu ya juu yenye pembe nane iliongezwa kati ya 1483 na 1487. Wala si mnara wa kanisa, ni wa mji wenyewe: walitaka chumba imara cha kufungia hati na hazina yao, mahali pa kutundika kengele, na mtu wa kukaa juu aangalie moto. Ngazi ile ilimtosha mlinzi anayepanda peke yake. Leo inapandwa na dunia nzima, na wanaoshuka wanapita humo humo.

Na mimi niliambiwa kuna lifti.

Bi mkubwa wangu alikuja kunitembelea, mara yake ya kwanza kutoka nje ya Tanzania. Asije mtu hapa kuniambia mama hana mazoezi. Amekulia Upareni, shamba juu nyumba chini, kupanda na kushuka ndiyo maisha yake. Lakini goti la kulia lilishaanza kumkatalia, ndiyo maana kabla ya safari nilimuuliza mara mbili yule jamaa wa Dar aliyetupangia safari nzima: mama atafika juu bila kupanda ngazi? Akajibu, "Kuna lifti kaka, wazee wote wanapanda." Nikamwamini, kwa sababu nilikuwa nimemlipa.

Tumefika mlangoni na tiketi zetu zenye saa yake, nyuma yetu foleni. Nikauliza lifti iko wapi. Mhudumu akatikisa kichwa na kuonyesha ngazi kwa kidole. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili ni langu mimi, si la yule jamaa. Nilitakiwa nigeuke. Tiketi mbili zikipotea, zipotee. Badala yake nilimtazama mama, akasema, "Twende tu, tumeshafika," na mimi nikachukua hiyo kama ruhusa. Mama wa Kiafrika aliyesafirishwa na mwanawe hasemi "siwezi" mbele ya foleni ya wageni. Nilipaswa kulijua hilo kabla ya mtu yeyote.

Mwanzo ngazi ni pana kiasi. Tukafika chumba cha hazina, mama akapumzika akiangalia yale makufuli na milango ya chuma, akafurahi kweli. Hapo pia ningeweza kugeuka. Kadiri unavyopanda, ngazi inajibana na kujizungusha, kila kidato chembamba upande wa ndani, kimelika katikati kwa miguu ya watu wa miaka mia kadhaa, na cha kushikia ni kamba nene inayoshuka kwenye nguzo ya kati. Akitokea mtu wa kushuka, mmoja wenu anajibanza ukutani kwenye sehemu pana na mwingine anabaki kwenye ile ncha. Mama ndiye alibaki kwenye ncha. Kijana mwenye begi mgongoni akapita, mama akazungusha mwili kumpisha, na goti likagoma.

Halikunjuki, halikunjiki. Juu watu wanataka kushuka, chini watu wanataka kupanda, na sisi katikati tumeziba njia. Namkumbuka mkono wake kwenye ile kamba, kucha zimebadilika rangi kwa kukaza. Kengele za robo saa zikaanza. Huko juu ziko 47, na ukiwa ndani ya ngazi husikii wimbo, unausikia ukuta ukitetemeka. Mama akafumba macho. Nikampigia kelele kila mtu asimame, na Wabelgiji wawili waliokuwa chini yetu wakaanza kurudisha watu kinyumenyume. Tulimshusha akiwa amekaa, kidato kimoja kimoja, mimi nikiwa chini yake nimeushikilia ule mguu mikononi. Ilituchukua karibu saa nzima.

Alipofika chini akakaa kwenye benchi uani, akajipangusa uso na ncha ya khanga, akaniuliza, "Mwanangu, kwani huu mji ukiwa chini hauonekani?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Baada ya hapo daktari, dawa, mguu juu ya mto siku tatu. Treni ya Amsterdam na hoteli ya huko havikurudishwa hata senti. Zaidi ya euro mia tatu zilikwenda, lakini hizo nimeshazisahau. Kinachoniuma ni kwamba siku tatu kati ya kumi alizokuja kunitembelea alizimaliza kitandani akitazama dirisha.

Nilimpigia yule jamaa. Unajua alisema nini? "Ooh, kumbe nilichanganya na Gent." Basi, hata pole hakusema. Mtu anakula hela ya watu kwa kupanga safari, na mji wenye lifti na mji usio na lifti kwake ni kitu kimoja! Kwenye treni ni kama nusu saa tu kutoka Brugge hadi Gent, lakini kwa mtu mwenye goti umbali huo hausemeki. Watu wa namna hii wanarudia walichosikia, halafu wewe unakuja hapa jukwaani na "nimeambiwa". Nimeambiwa na nani, mkuu? Aliwahi kupanda?

Kwa hiyo shika hili hata kama mengine utayaacha: usiulize "kuna lifti?" Piga simu au andika kwenye mnara wenyewe, uulize lifti inaanzia wapi, inaishia wapi, na ngazi zinazobaki nje ya lifti ni ngapi. Hata Gent, ambako lifti ipo kweli, kuna ngazi za kupanda kwanza kabla ya kuifikia. Ule mnara wa Gent una mita 91, ujenzi ulianza 1313, una joka la shaba kileleni, na ukiwa juu unaona kanisa la Mtakatifu Nikolao upande mmoja na kanisa kuu la Mtakatifu Bavo upande wa pili. Mzee ataipata picha yake. Lakini hata huko uliza kwanza, umsikie mhudumu anakutajia idadi ya ngazi, ndipo umuulize baba yako, mkiwa nyumbani, wawili tu, kama ataziweza. Sio mlangoni.

Wewe mwenyewe kama una miguu, panda Brugge. Nilirudi peke yangu mwezi uliofuata. Unapita kwenye pipa kubwa la shaba lililojaa pini, ndilo linalozipigisha kengele, halafu unatokea juu: mapaa mekundu, mifereji, mnara wa kanisa la Bikira Maria unaozidi huu kwa urefu, na hewa ikiwa safi unaona mpaka bandari ya Zeebrugge. Kuna waya wa kuzuia watu, ingiza kamera kwenye tundu. Nilikaa dakika kumi tu, nikashuka.

Mzee akiwa Brugge, mkalishe kwenye ule ua wa chini wakati mpiga kengele yuko kazini. Hakuna kiingilio, mabenchi yapo, na kengele zote 47 anazisikia vizuri kuliko aliyeko ndani ya ngazi. Mama yangu alisikiliza pale akiwa na barafu gotini, akatikisa kichwa kufuata wimbo.

Ukishawapigia watu wa Gent, rudi kwenye uzi huu uandike wamekujibu ngazi ngapi. Tiketi usilipe kabla ya hapo.