Kabla ya kitabu cha ndege, jifunze maji: kwa wanaoanza kuongoza Mida

Kuanzia Oktoba hadi Aprili, kule kaskazini ya dunia ardhi inapoganda na chakula kupotea, ndege wa ufukweni huteremka kwetu kwa maelfu. Mida Creek, hori la mikoko hapa karibu na Watamu na Gede, pwani ya Kenya, ni mojawapo ya malisho yao makubwa. Kijana anayetaka kuongoza wageni wanaokuja kutazama ndege kwa kawaida hununua kitabu cha ndege kwanza, akaanza kukariri majina. Si vibaya. Ila wiki ya kwanza ningekushauri ukiache nyumbani, ujifunze maji.

Maji yakipwa kabisa, tope na mchanga hubaki wazi hadi mbali, na ndege hutawanyika huko. Hata ukiwa na teleskopu utaona vinukta tu. Yakijaa kabisa hakuna pa kula: wengine wamepanda juu ya mikoko, wengine wamebanana kwenye kipande cha mchanga wamelala. Saa yako ni pale maji yanapopanda, saa mbili tatu kabla ya kujaa. Maji yenyewe huwasukuma ndege kuja kwako, nao bado wanakula.

Sasa piga hesabu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani yetu hii maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Kwa hiyo siku hizo usimwamshe mgeni alfajiri. Mwambie mkutane saa saba mchana, na kofia. Atashangaa, maana amezoea kwamba ndege hutazamwa asubuhi. Mweleze sababu na atakuheshimu tangu hapo. Tena daraja la mbao la Mida liko upande wa magharibi, kwa hiyo alasiri jua liko mgongoni mwako na ndege wamemulikwa vizuri. Kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50, hadi kwenye maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ambapo hujaa asubuhi lakini hayapandi sana, na ndege hawasogei karibu vile. Kama umekulia kwenye nyumba ya wavuvi, haya unayajua kuliko mtu mwenye darubini ya bei kubwa. Usiyadharau.

Fika mapema, ingia kwenye kibanda cha kutazamia ndege mwisho wa daraja, keti. Usiwafuate ndege kwenye tope.

Kwenye majina, anza na sululu: mkubwa, mdomo mrefu uliopinda chini, michirizi kichwani. Mtazame akimkamata kaa. Humtikisa na kumpigapiga hadi magando yanakatika, ndipo ammeze. Halafu mtafute kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kuelekea juu na miguu ya rangi ya chungwa. Huyu hukimbia kichwa chini kama mtu aliyeangusha shilingi. Ukiwajua hawa wawili, una vipimo vya kuwapimia wengine. Rangi haitakusaidia sana, kwani miezi hii karibu wote wamevaa kijivu. Angalia mdomo, miguu na mwendo. Wale vitwitwi wa mchanga, mkubwa na mdogo, huwasumbua hata wakongwe wa kazi hii. Ukishindwa kuwatenganisha, sema umeshindwa. Mgeni aliyetazama ndege maisha yake yote atakugundua ukibahatisha.

Ndege anayewaleta wageni wengi Mida ni mla-kaa, Dromas ardeola: mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi kama wa ndege asiyehusiana naye kabisa. Hazalii kwetu. Huzalia kwenye fukwe za mchanga kuanzia Somalia na Bahari ya Shamu hadi Oman na Ghuba, ndani ya shimo analolichimba mwenyewe, na hutaga yai moja tu, jeupe. Hakuna ndege mwingine wa jamii ya vitwitwi anayeishi hivyo. Mwonyeshe mgeni jambo hili: kinda aliyemaliza safari nzima kutoka huko bado humfuata mzazi wake hapa Mida, akilialia apewe kaa, na anapewa. Mwenye rangi ya kijivu mgongoni ndiye kinda. Wageni husahau kamera zao wakiona hivyo, nami sijachoka kuona.

Mgeni mgumu kuliko wote ni mwenye kamera kubwa. Atakuomba umsogeze, au upige makofi ndege waruke apate picha. Kataa kwa upole lakini kataa. Ndege waliolala wakati maji yamejaa wanatunza mafuta ya safari, na kila wanaporushwa wanayachoma bure. Kiingilio cha darajani nacho usimsaidie mtu kukikwepa. Mapato ya pale huchangia karo za sekondari za watoto wa vijiji vya kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke.

Wachimba chambo na wavuvi uwaamkie kabla ya kutoa darubini. Shikamoo moja kwa mzee anayerudi na ngalawa yake inaweza kukuambia kundi limelala wapi leo.

Machi na Aprili usifunge kazi mapema. Vitwitwi wanaokwenda kuzaa Siberia huanza kubadilika, wengine kifua chekundu kama tofali, na hapo hata kuwatambua kunakuwa rahisi. Wachache, hasa wa mwaka wa kwanza, hawaondoki. Utawakuta hata Julai.

Daftari liwe mfukoni daima: tarehe, saa, hali ya maji, idadi. Ukiona ndege aliyevishwa na watafiti pete au kibendera mguuni, andika ni mguu upi, juu au chini ya goti, na rangi kwa mpangilio kutoka juu kwenda chini. Ukiandika tu "pete nyekundu", hakuna atakayeweza kujua alivishwa wapi.